Nani Anapumua Kabatini?

Siku ya tatu ya matanga ya baba yangu, Bwana Mutua alisimama katikati ya sebule yangu, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akasema marehemu alikuwa mcheshi ambaye hatutapata mwingine kama yeye. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Furaha, msusi wa nywele aliyenisuka tangu nina miaka minne, akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe mikononi, na Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia lile sinia pamoja na chai yake.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Nikaliweka sinia mezani, nikaingia chumba alichokuwa analala baba, nikafunga mlango. Koti lake lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari, lile la sufu ya kijivu alilolishona mwenyewe na kulipunguza kila alipokonda. Nikaingiza uso ndani yake. Lilinuka mafuta ya cherehani na sufu iliyopigwa pasi ya mvuke, na mara moja nikawa nimerudi Doornfontein, katikati ya Johannesburg, Jumapili mchana, nimekaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, nina miaka kumi na moja, na nimeulizwa swali.

Baba alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, chenye cherehani nne na dirisha lililotazama reli. Siku za kazi alifupisha suruali na kubadilisha zipu za watu wa Sandton, mtaa wa matajiri, ambao hakuwahi kuwaona. Nguo zililetwa kwenye magunia na zikarudishwa kwenye magunia. Alifanya kazi na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hasemi mengi. Wateja wachache waliopanda ngazi walimwita rafiki, au bosi, kwa ile sauti ya kumwita mtu ambaye hutaki kujua jina lake. Ukimwona Jumanne ungedhani ni mtu aliyezaliwa kimya.

Lakini kule kwetu Kongo, Lubumbashi, kabla sijazaliwa, baba alikuwa mtu wa redio. Kila wiki yeye na wenzake watatu walicheza kichekesho cha familia moja yenye matatizo yasiyoisha, na kwa kuwa walikuwa wanne tu, kila mmoja alibeba watu wengi. Baba alikuwa mama mkwe, polisi, padri, mlevi, na wanyama wote. Mama alisema watu walikuwa wanasimamisha baiskeli barabarani ili wamsikie akiwa mbuzi. Kisha mambo ya kule yakaharibika, wakaja huku, na huku hakuna aliyehitaji mbuzi wa Lubumbashi. Ndiyo maana Jumapili ilikuwa jambo kubwa kwake. Siku nyingine zote alikuwa mikono tu, na Jumapili alikuwa sauti.

Watu walikuja moja kwa moja kutoka ibadani, wengine na Biblia zao kwapani. Walikuwa wasusi, mafundi wenzake, na walinzi waliotoka zamu wakiwa bado na viatu vizito. Cherehani zilisukumwa ukutani, runinga ikapandishwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na baba akasimama pembeni yake, futi ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni. Wale mliokulia miji ya kwetu mnaijua desturi hii. Filamu inapunguzwa sauti mpaka iwe mnong'ono, na mtu mmoja mwenye mdomo anawaelezea wengine kila kinachosemwa. Anakuwa wote, mwanamke na mwanamume, na akiwa hodari unasahau kwamba yupo.

Kanda zilikuwa nyingi, ila moja ndiyo iliyoombwa mara kwa mara. Ilikuwa filamu ya Kimarekani ya kuchekesha, ya zamani, nyeusi na nyeupe, aliyoipata kwa mtu aliyeuza vitu vilivyokwisha tumika karibu na stesheni. Yule muuzaji alimwambia kwamba kabla haijawa filamu ilikuwa kipindi cha redio, kwamba Wamarekani waliwasikia watu hawa miaka mingi kabla ya kuona nyuso zao. Kwa baba hilo lilitosha. "Hawa ni batu ba redio," aliwaambia watu, akigonga kioo kwa ukucha. "Muangalie vile banasimama. Kila mutu anangojea mwenzake amalize, sababu mikro ni moja." Kweli walisimama hivyo, kama watu wanaogawana kipaza sauti kimoja. Mpaka leo nikiona filamu ya zamani naangalia wanavyosimama.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mke na mume wamepanga chumba kwa mama mmoja mkali asiyetaka mnyama nyumbani mwake. Mume anashinda bata bukini kwenye sherehe ya kanisa, anamleta nyumbani, na kila mara mama mwenye nyumba anapobisha hodi, bata anasukumwa kabatini. Basi. Saa moja na nusu ya kusukuma bata kabatini, mpaka mwisho anapotoroka na kutembea mbele ya maandamano ya meya.

Mikononi mwa baba, yule bata hakuwa bata. Alikuwa shemeji kutoka Likasi, mdogo wa yule mke, aliyefika Johannesburg bila karatasi, bila simu, na akiwa na njaa isiyopimika. Baba alimpa sauti nyembamba ya puani, yenye kulalamika. "Dada, funga mulango, baridi inanikamata!" "Dada, kwa nini unanipatia mikate tu, kwenu hapa hakuna bukari?" Bukari ni ugali wa kwetu. Watu walikufa kwa kicheko. Hapakuwa na fleti hata moja kati ya zao isiyokuwa na shemeji wa namna hiyo, na mwenye nyumba alipopita kuhesabu vichwa, wote walijua kabati ni la nini.

Halafu ilikuwapo ile sehemu ambayo watu waliingoja. Mama mwenye nyumba anaingia, anaketi, anapewa chai, na ghafla anageuza shingo kuangalia kabati. Baba alinyamaza kidogo. Kisha, kwa sauti nzito ya huyo mama, aliuliza polepole, "Nani anapumua kabatini?"

Na chumba kizima, walinzi, wasusi, wazee na watoto, kilijibu kwa pamoja: "Ni koti tu, mama!"

"Koti linapumua?"

"Ni koti la sufu!"

Siku moja umeme wa jengo ulikatika palepale bata alipokuwa anasukumwa ndani. Runinga ikazimika. Hakuna aliyeinuka. Baba aliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mbele ya kioo kitupu, akifungua na kufunga mlango wa kabati kwa ulimi, akipanda ngazi kwa kugonga meza na vidole, na tulicheka zaidi ya siku zote. Umeme uliporudi watu waliguna. Walikuwa wameizoea redio.

Mimi nilikaa karibu kuliko wote, juu ya lile gunia chini ya meza, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo. Nilipokuwa mdogo kabisa niliamini kwamba wale wazungu walikuwa wanasema Kiswahili cha kwetu, na kwamba ule mnong'ono uliotoka kwenye runinga ni mlio wa mashine, kama cherehani nayo ilivyo na mlio wake. Niliamini baba anarudia maneno yao kwa ajili ya wale waliokaa nyuma.

Kisha nikaanza shule, na Kiingereza kikaniingia bila kubisha hodi. Shule yetu, ukisikika unasema lugha ya nyumbani darasani, ulisimama ukumbini mpaka kengele. Nilisimama mara mbili, ya tatu haikuwapo. Nikawa mtoto wa kunyoosha mkono. Nikawa mtoto anayesimama wima akiulizwa, mikono nyuma, na kujibu kwa sentensi kamili. Walimu walinisifu, na nilizipenda sifa zile kama peremende.

Ndipo Jumapili moja, juu ya gunia langu, nikasikia kwamba ule mnong'ono ni maneno. Maneno yale hayakuwa ya baba. Yule mama hakusema lolote kuhusu kupumua. Shemeji hakusema lolote kabisa, alikuwa bata, alilia tu kama bata.

Niliogopa sana. Niliamini nimegundua siri ya baba, kwamba hajui Kiingereza na watu hawajui kwamba hajui, na siku watakapojua watamwita mwongo na hawatapanda tena ngazi zetu. Nikaamua kumlinda. Kwa miezi mingi nilikaa pale nikisikia filamu mbili kwa wakati mmoja, na kila watu walipocheka nilicheka nao kwa nguvu ili nizibe ule mnong'ono. Wakati mwingine baba aliniangalia kutoka juu, nikicheka hivyo, akanikonyeza. Nilidhani ananishukuru bila kujua ninachomfanyia.

Bwana Mutua alikuja siku ya baridi, ameletwa na mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa Mkenya, mtu wa benki huko Sandton, anaishi Kensington kwenye nyumba yenye bustani, na alianza kuabudu nasi kwa kuwa alipenda kwaya yetu. Simsingizii ubaya. Alikuwa na adabu, alisalimia kila mtu kwa mkono, alikataa kiti kizuri mara mbili kabla ya kukubali. Lakini siku hiyo chumba chote kilikaa kwa kujibana. Kwa muda wa wiki kadhaa alikuwa amewaandikia watu barua za kuwapeleka kwa waajiri anaowafahamu, na kila aliyekuwa pale alikuwa ameshapata barua, au anaingoja, au ana mdogo wake anayeingoja.

Baba alianza vizuri. Mume akashinda bata, bata akapanda ngazi, shemeji akalalamika njaa. Watu walicheka, lakini kila walipocheka walimtupia jicho Bwana Mutua. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa mbele, anatega sikio kwenye runinga. Alikuwa anausikia ule mnong'ono, nami nilimwona akiusikia.

Mama mwenye nyumba akaketi, akapewa chai, akageuza shingo. Baba akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Mutua akanigeukia, akitabasamu.

"Hebu, msichana," akasema. "Nimesikia unafanya vizuri sana shuleni. Si unajua Kizungu? Hebu tuambie basi, huyu mama anasema nini hasa?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya mwalimu. Nami nikasimama. Mpaka leo hili ndilo linalonitia kichaa, kwamba nilisimama. Nikaweka mikono nyuma, nikanyoosha mgongo.

"Anasema, kuna mtu ameona mwavuli wangu?"

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimezoea sentensi kamili.

"Na yule bata hasemi kitu," nikaongeza. "Ni bata tu."

Bwana Mutua alicheka mpaka akavua miwani. "Aisee, mwavuli!" alisema. "Mzee, umetuweza!" Halafu chumba kizima kikacheka. Nilikijua kicheko cha watu wale kuliko nilivyoijua sauti ya mama, na hiki hakikuwa chenyewe. Walicheka wakimtazama mgeni, wakipigana viwiko, kama watu wanaosema sisi pia tulikuwa tunashangaa, sisi pia si wajinga. Mama Furaha alicheka kwa kuziba mdomo. Mlinzi mmoja alisema, "Eish, Papa Solange, ulikuwa unatuchezea!"

Solange ni mimi. Baba alibeba jina langu kama wazazi wote wa kwetu wanavyobeba la mtoto wao wa kwanza, na siku hiyo lilitumika kumzomea.

Aliwangoja wamalize. Mtu wa redio anajua kungoja. Kisha akajaribu tena, kwa sauti nzito ya yule mama, "Nani anapumua kabatini?"

Hakuna aliyejibu.

Akauliza mara ya pili. Mtu alikohoa. Bwana Mutua alitazama huku na huku, hakujua kinachongojwa. Nami pia sikujibu, nilikuwa bado nimesimama na mikono nyuma. Baba akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, na laiti angekuwa nayo. Akanyoosha mkono kwenye runinga, akazungusha kitufe, akaongeza sauti mpaka mwisho, na Kiingereza kikajaa chumba chote.

Jumapili iliyofuata alinipa kiti. Aliniweka pale alipokuwa anasimama yeye, akawaambia watu, "Leo Solange atatafsiri, yeye njo amesoma," akaenda kukaa nyuma karibu na dirisha. Nikatafsiri. Anasema, habari za asubuhi. Anasema, inaelekea mvua itanyesha. Anasema, hili kabati nililinunua kwa marehemu shangazi yangu. Nilitafsiri kila neno sawasawa, na hakuna aliyecheka hata mara moja. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Mtu mmoja alisinzia. Jumapili ya pili walikuja saba, ya tatu wakaja wanne. Bwana Mutua hakurudi kabisa, alikuwa na shughuli. Baadaye cherehani zilirudishwa mahali pake siku ya Jumapili kama siku nyingine, na watu walisema ile filamu ilikuwa imezeeka.

Baba hakunigombeza, wala kunipiga. Alianza kuniheshimu. Aliniambia tafadhali. Alileta barua za mwenye jengo, akaziweka mbele yangu, akasema, "Solange, unisomee hii, kama una nafasi," kwa sauti aliyokuwa anaongea nayo na wateja. Kwa miaka yote iliyobaki ya utoto wangu niliishi na mtu mpole, mwenye pini mdomoni, aliyenisemesha kama mtu wa Sandton aliyepanda ngazi kuleta suruali. Nilimchukia kwa hilo, nalisema wazi. Ningetaka anizabe kibao. Ningetaka apigane nao, awaambie bata anasema, bata amesema kila Jumapili na nyinyi mmemjibu.

Mwaka huu, kifua chake kilipomshinda, nilimleta kwangu Kensington. Alasiri moja niliitafuta ile filamu kwenye mtandao, nikaipata, nikaiweka kwenye kompyuta juu ya blanketi lake. Nilipunguza sauti ikawa mnong'ono. Aliitazama akitabasamu. Yule mama alipogeuza shingo nikamwambia, "Papa, anasema nini?"

"Weye njo unajua Kingereza," akajibu kwa upole. "Uniambie."

Nilitaka kusema, anauliza nani anapumua. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alinitazama kama mtu anayetaka kujua kweli, nami, mtoto wa kunyoosha mkono, nikajibu. "Anatafuta mwavuli wake."

"Mwavuli," akasema. Akafikiri. "Miaka yote ile, kumbe mwavuli." Akacheka kidogo, akakohoa sana, akageukia ukuta.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi na yeye kuitazama. Basi mtaelewa kwa nini nilikuwa nimeuficha uso wangu ndani ya koti wakati Bwana Mutua anaendelea kusifu ucheshi wa marehemu upande wa pili wa mlango.

Nilipotoka nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anasonga bukari kwenye sufuria kubwa ya kukodi, kanga imefungwa kiunoni, jasho linamtiririka. Nikamwambia kwa hasira, bila kumpa hata pole, kwamba mtu aliyemuua baba yuko sebuleni anakunywa chai yetu, na kwamba mimi ndiye niliyemsaidia, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoa siri.

"Siri gani?" mama akauliza.

"Kwamba Papa hakujua Kiingereza."

Mwiko ulisimama. "Mama yangu," akaniambia, kwa jinsi wanavyotuita sisi mabinti wanapotuhurumia, "shiye bote tulijua. Papa yako Kingereza angekitoa wapi? Polisi akimusimamisha anasema yesi tu. Na yeye alijua kama tunajua. Ile njo ilikuwa muchezo."

Nikauliza, basi kwa nini aliacha? Ikiwa wote walijua, nini kilimwachisha?

Mama alisonga mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Juu yako. Alikuwa ananiambia: uone Solange, anasikia Kingereza chote, na anacheka na shiye. Anamuficha shemeji na shiye. Ile ilimufurahisha kupita kitu chote. Siku ulisimama, alirudi nyumbani akaniambia: mutoto ameenda."

Sijui niseme nini kuhusu hasira iliyonipata hapo. Miaka yote nimeubeba mzigo wa kufichua siri, na siri haikuwapo. Walikuwapo watu wazima zaidi ya ishirini waliojua ukweli wote, na mtoto mmoja tu asiyejua mchezo, na hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo kumwambia, Solange, kaa chini. Nilimuuliza mama kwa nini, nikamuuliza kwa sauti kubwa.

"Mbele ya Bwana Mutua?" alisema. "Kila mutu alikuwa na barua yake pale." Macho yake yalijaa. "Hata mimi. Ya kaka yangu."

Sikumkumbatia. Niliiacha sufuria, nikamwacha yeye, nikarudi sebuleni.

Kule walikuwa wamewasha runinga. Mama Furaha alikuwa ameomba ile filamu ya Papa Solange, wapate kumkumbuka, na binti yangu Naledi, aliyejua nilikoihifadhi, alikuwa ameiweka. Ana miaka tisa, anasikia Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa juu. Watu walitazama kwa heshima ya msiba, hakuna aliyekuwa anacheka. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapewa chai.

Bwana Mutua, kwenye kiti kizuri, aliinama kwa upendo kumwelekea binti yangu. Nywele zake sasa ni nyeupe zote. Hakukumbuka chochote, naapa. Ni mtu anayependa watoto waliosoma, ndivyo anavyowasalimia.

"Huyu ndiye mjukuu wa mzee?" akasema. "Na unajua Kizungu vizuri, eh? Hebu tuambie basi, huyu mama anasema nini hasa?"

Naledi akasimama. Akaweka mikono nyuma.

"Kaa chini, Naledi," nikasema.

Akanitazama, hakuelewa kosa lake. Akakaa. Bwana Mutua naye akanigeukia, bado anatabasamu. "Nilikuwa tu namuuliza mtoto..."

"Usimuulize mtoto, mzee," nikamwambia. "Nyamaza."

Mtu wa umri ule haambiwi hivyo, tena matangani. Mama Furaha akaniita jina langu kwa kunionya. Sikumjali. Nilichukua rimoti, nikapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono, nikasimama pembeni ya runinga. Sikuwa na futi shingoni. Kiswahili changu nimejifunza upya ukubwani na kina makovu, na sauti nzito sina. Nilivuta pumzi alivyokuwa anavuta yeye.

"Nani anapumua kabatini?"

Hakuna aliyejibu. Niliwaangalia mmoja mmoja, wale wasusi waliozeeka, yule mlinzi aliyesema eish, wote wakiangalia vikombe vyao. Nikauliza tena, na sauti yangu ikapasuka katikati.

Halafu jikoni mwiko ukagonga sufuria, na mama yangu akajibu, kwa sauti iliyokuwa kilio nusu, kwa nguvu kiasi cha kusikika mpaka barabarani.

"Ni koti tu, mama!"